Mazungumzo ya Juma: Kijiji Kinachofundisha Lugha

Wazee husema: Samaki mkunje angali mbichi. Ni neno la kweli, na kila mzazi na kila mwalimu amekwisha kuliona kwa macho yake. Lakini je, samaki aliyekwisha kukauka? Mtu mzima mwenye mvi, aliyekosa lugha ya wazazi wake tangu utoto, aweza bado kuipata? Na akiipata, itamfaa nini?

Ili kulijibu swali hili twawaalika mfuatane nasi mpaka nchi ya Wales, iliyo upande wa magharibi wa Uingereza. Huko, chini ya milima iitwayo Yr Eifl, kando ya bahari, kuna kijiji kidogo ambacho kazi yake kubwa ni kuwafundisha watu wazima lugha ya nchi. Wanafunzi huja kukaa humo juma zima. Hula, hutembea, huimba na kukosea katika lugha hiyo moja. Jina la kijiji ni Nant Gwrtheyrn.

LUGHA ILIYOFUKUZWA MAHAKAMANI

Wales ni nchi yenye watu wapatao milioni tatu. Wenyeji huiita Cymru, na lugha yao huiita Cymraeg. Sisi tutasema Kiwelisi. Msidhani ya kuwa ni Kiingereza kilichopindwa. Ni lugha nyingine kabisa, ya ukoo wa Kikelti, na asili yake ilisemwa kisiwani humo kabla mababu wa Waingereza hawajavuka bahari. Ukisafiri katika nchi ile waona vijiji vingi ambavyo majina yao huanza kwa Llan. Maana yake ni kanisa pamoja na kiwanja chake. Hivyo Llanaelhaearn, kijiji kilicho karibu na bonde tunalolizungumzia, ni mahali pa kanisa la Mtakatifu Aelhaearn.

Mwaka 1536 sheria ya mfalme Henry VIII iliamuru mahakamani kutumike Kiingereza peke yake, na asiyekijua asipewe cheo cha serikali. Lugha ikatolewa katika nyumba ya hukumu, lakini haikutolewa katika nyumba ya sala wala jikoni kwa mama. Mwaka 1588 Biblia nzima ilichapishwa kwa Kiwelisi, kazi ya kasisi William Morgan wa Kanisa la Kianglikana. Katika karne ya 18 kasisi mwingine wa Kanisa hilo, Griffith Jones, alianzisha shule za kuzunguka. Mwalimu alikaa miezi michache mahali pamoja, akawafundisha watoto na watu wazima kusoma katika lugha yao wenyewe, kisha akaendelea mahali pengine. Hivyo wakulima na wachungaji wa kondoo wakajua kusoma, na lugha ikapata nguvu mpya.

UBAO SHINGONI

Hatari kubwa ilikuja baadaye, nayo ilipitia mlango wa shule. Katika karne ya 19, katika shule nyingi za Wales, mtoto aliyesikiwa akisema Kiwelisi alivikwa shingoni kipande cha ubao chenye herufi W na N. Akimsikia mwenzake naye akisema Kiwelisi, ubao ulihamia kwa huyo. Ulitembea hivyo toka shingo hata shingo, na yule aliyekutwa nao mwisho wa siku alipigwa. Tazameni ubaya wa desturi hiyo: kila mtoto alifanywa mpelelezi wa ndugu yake.

Hapa Afrika nako jambo hili si geni. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o wa Kenya alisimulia, katika kitabu alichokitoa mwaka 1986, jinsi katika shule ya ujana wake kifungo cha nguo kilivyopitishwa toka mkono hata mkono kwa watoto waliosema Kigikuyu. Wales na Kenya ziko mbali, lakini aibu iliyopandwa ni ile ile.

Na hapa yafaa tuseme ukweli wote. Hakuna sheria ya bunge iliyoamuru ubao ule. Walimu wenyewe waliutumia, na wazazi wengi waliridhika. Mwaka 1847 wakaguzi waliotumwa na serikali walikuwa wameandika kwamba lugha ya Wawelisi ni kizuizi cha maendeleo na cha tabia njema. Wengi waliudhika sana, lakini wengine waliamini mioyoni mwao. Walidhani ya kuwa mtoto hawezi kupata Kiingereza asipopoteza Kiwelisi, kana kwamba kichwa cha mtoto ni kibuyu kisichochukua zaidi ya kipimo kimoja. Nao walifanya hivyo kwa mapendo, wakitumaini kwamba mtoto atapata kazi.

Matunda yake yalionekana katika hesabu ya watu. Mwaka 1911 watu 43 katika kila 100 walisema Kiwelisi. Mwaka 2021 walikuwa karibu 18 tu katika kila 100, yaani watu wapatao 538,000.

Tarehe 13 Februari 1962 mwandishi Saunders Lewis, aliyeingia Kanisa Katoliki mwaka 1932, alisema katika redio kwamba mambo yakiendelea hivyo Kiwelisi kitakoma kuwa lugha hai karibu na mwanzo wa karne ya 21. Maneno yale yaliwachoma vijana, wakaunda chama cha kuitetea lugha mwaka ule ule. Sheria zikafuata, ya mwaka 1967 na ya mwaka 1993, na mwaka 2011 Kiwelisi kikatambuliwa kuwa lugha rasmi katika nchi yake. Lakini sheria haiwezi kumfundisha mtu kusema. Kwa kazi hiyo yahitajiwa mwalimu, wakati, na mahali.

BONDE LILILOACHWA

Neno nant maana yake ni kijito, tena bonde la kijito. Gwrtheyrn ni jina la mfalme wa kale, ambaye wenyeji husimulia kwamba alikimbilia humo kujificha. Husimulia pia habari ya watawa watatu waliokuja kujenga kanisa, wakafukuzwa kwa mawe. Watawa walipoondoka walitoa laana tatu: ardhi ya humo haitabarikiwa kwa maziko, vijana wa humo hawataoana wao kwa wao, na mwisho kijiji kitakufa.

Hadithi ni hadithi. Lakini kijiji kilikufa kweli. Katika karne ya 19 watu walifungua machimbo ya mawe magumu mlimani. Mawe yalichongwa, yakapakiwa katika meli, yakaenda kutandikwa katika barabara za Liverpool na Manchester. Wachimbaji walijengewa safu mbili za nyumba, na mwaka 1878 wakapata nyumba yao ya sala. Baadaye miji ilianza kutengeneza barabara kwa lami, mawe yakakosa wanunuzi, machimbo yakafungwa. Familia ziliondoka moja moja, na kufika mwaka 1959 hakubaki mtu. Mapaa yakaanguka, mbuzi-mwitu wa mlimani wakapita milangoni.

Karibu na mwaka 1970 daktari mmoja, Carl Clowes, alihamia Llanaelhaearn pamoja na mkewe Dorothi. Alikuwa amekulia Manchester, na Kiwelisi alikipata ukubwani. Akiwatibu wenyeji aliona ugonjwa mmoja usiotibiwa kwa dawa: vijana walikosa kazi, wakaondoka, na lugha ikaondoka pamoja nao. Mwaka 1974 wanakijiji waliunda ushirika wao wa kazi. Mwaka 1978 amana iliyoundwa kwa ajili hiyo ilinunua kijiji kilichoachwa. Shauri lilikuwa hili: kijiji kiwe shule ya lugha, na shule iwape wenyeji kazi ya kufundisha, kupika na kutunza nyumba. Mwaka 1982 wanafunzi wa kwanza walishuka bondeni.

Tuongeze neno moja. Mwaka 1985 daktari huyo huyo alianzisha urafiki kati ya Wales na Lesotho, nchi ya milima kama yake, ambayo nayo yashika lugha yake ya Kisotho pamoja na Kiingereza. Shule za huku na huko zikapata kujuana. Alifariki mwaka 2021.

JUMA LENYEWE

Sasa tushuke bondeni pamoja na mwanafunzi mmoja. Hatumpi jina, kwa maana tumemwaza tu. Lakini katika Wales wako wengi walio na hali kama yake.

Ni mama wa miaka hamsini na mitano. Mama yake mzazi alilelewa kwa Kiwelisi, lakini watoto wake mwenyewe aliwalea kwa Kiingereza, akidhani anawafungulia njia. Sasa mzee huyo yumo katika nyumba ya kutunzia wazee. Akili imechoka. Kiingereza alichojifunza shuleni kimeanza kumtoka, na kilichobaki ni lugha ya utoto wake. Jambo hili hutokea mara nyingi kwa wazee wenye lugha mbili, na waganga wa Wales walijua vizuri. Binti huenda kumtazama kila Jumapili, akaketi karibu naye, naye mzee husema, na binti hasikii maana. Ndiyo sababu amekuja.

Barabara ya kushukia ni kali, yenye kona nyingi. Katika barabara za nchi ile hupakwa neno ARAF, yaani polepole. Hilo ndilo neno la kwanza alilojua.

Wanafunzi hugawanywa kwa vidato. Wa kwanza huitwa Mynediad, maana yake mlango wa kuingilia. Baadaye waja wa msingi, wa kati na wa juu. Na mwisho wako wanaokuja kuing'arisha tu lugha wanayoijua. Mama yetu huingia mlangoni pamoja na wenzake: kijana aliyeposa msichana Mwelisi, mwuguzi, mzee aliyestaafu. Mwalimu husema Kiwelisi, akionyesha kwa mikono na picha, nao hurudia kwa sauti moja. Bore da, habari za asubuhi. Diolch, asante. Dw i'n dysgu Cymraeg, ninajifunza Kiwelisi.

Sauti za lugha hii zingemsumbua msomaji wetu kidogo kuliko zinavyowasumbua wengine. Dd husemwa kama dh katika dhahabu. F husemwa v. W mara nyingi ni u. Ll peke yake ni ngumu: weka ulimi kana kwamba wataka kusema l, kisha usitoe sauti, ila upulize hewa pembeni.

Siku ya pili huja shida iliyowavunja wengi moyo. Katika Kiwelisi neno hubadilika kichwani. Paka ni cath. Lakini paka wangu ni fy nghath i, paka wa yule bwana ni ei gath o, na paka wa yule bibi ni ei chath hi. Mtu aliyezoea Kiingereza hushika kichwa, asijue atafute neno chini ya herufi gani katika kamusi. Sisi tusishangae sana. Je, hatusemi ulimi na kwa wingi ndimi? Hatusemi mti mrefu, lakini nyumba ndefu? Mtoto wetu hayajifunzi haya kwa kanuni. Huyasikia nyumbani mpaka sikio lake likatae kosa. Na hiyo ndiyo sababu ya kukaa juma zima mahali pamoja. Kanuni yaweza kuandikwa ubaoni kwa dakika kumi. Sikio lataka siku nyingi.

Kuna mambo mengine ambayo Mswahili angeyatambua kama jamaa zake. Kiwelisi hakina neno moja la kujibia ndiyo kwa kila swali. Mara nyingi hujibu kwa kurudia kitenzi, kama sisi tunapoulizwa, Kuna sukari? tukajibu, Kuna. Na mgonjwa hasemi ana mafua. Husema mafua yako juu yake, kama sisi tusemavyo mafua yamenishika. Vivyo hivyo kwa hiraeth, yaani uchungu wa kutamani nyumbani: nao huwa juu ya mtu, kama mzigo.

Saa za darasa zikiisha, somo haliishi. Mkahawani chai huagizwa kwa Kiwelisi. Katika nyumba ya sala ya zamani, ambayo sasa huonyesha habari za wachimbaji, watu husoma na kuulizana. Jioni huimba. Siku ya tatu kichwa huuma. Mama yetu hujiona amekuwa mtoto tena: yeye aliyezoea kuamuru watu kazini hawezi kuomba kijiko bila kufikiri. Usiku anasema moyoni, Kesho nitapanda mlima nirudi nyumbani.

Siku ya nne mwalimu anawatuma wanafunzi wazungumze na wenyeji wasio walimu. Mpishi anamwuliza kitu, naye anajibu kabla hajatafsiri kichwani. Amekosea maneno mawili. Mpishi hakucheka, wala hakugeukia Kiingereza, alingoja tu. Hapo ndipo mama yetu alipoelewa kosa kubwa la wenye lugha. Kila mara tunapomwona mgeni anagugumia, twamhurumia, twageukia lugha anayoijua. Na kwa huruma hiyo twamfungia mlango.

Ijumaa wanaagana. Mwalimu anawapa neno la kuchukua njiani: Dal ati, yaani shikilia, usiache. Wanafunzi wengi hutoka na nishani ndogo ya kuvaa kifuani, inayowajulisha watu dukani na kazini kwamba mwenye kuivaa ni mwanafunzi wa Kiwelisi. Wasomaji wapenzi, kumbukeni ule ubao wa shingoni. Zamani alama ilivikwa mtoto ili aone haya. Leo mjukuu wake anajivika alama mwenyewe, akiomba asemeshwe.

JUMAPILI

Tusidanganyane. Juma moja halimpi mtu lugha. Mama yetu alitoka bondeni akiwa na maneno mia chache na sentensi za kila siku, basi. Wako waliorudi bondeni mara tano na sita, wakasoma miaka mingi, ndipo wakasema kwa raha. Serikali ya Wales imeweka shabaha ya kupata wasemaji milioni moja ifikapo mwaka 2050, na safari hiyo bado ni ndefu.

Jumapili alikwenda kwa mama yake kama kawaida. Akaketi, akasema: Sut dach chi heddiw, Mam? U hali gani leo, Mama? Mzee akamtazama muda mrefu. Binti akaongeza: Dach chi isio panad? Wataka kikombe cha chai? Mzee akaanza kusema mbio, maneno mengi, na binti akashika machache tu. Alisikia neno paka, naye kwa furaha akataka kumweleza habari za paka wake wa nyumbani. Akasema, fy cath i.

Mzee akatikisa kichwa. Akasema polepole, kama mtu anenaye na mtoto wa miaka mitatu: Fy nghath i.

Binti akarudia. Mzee akaridhika, akamshika mkono. Yale ambayo hakumfundisha alipokuwa mdogo, alianza kumfundisha siku ile.

Basi, swali letu limepata jibu. Samaki aliyekauka aweza kukunjika, lakini kwa taabu, kwa gharama na kwa machozi, na mara nyingi kwa kuchelewa. Wawelisi wamelazimika kununua kijiji kizima ili wajirudishie kitu ambacho babu zao walikitoa bure mekoni. Ninyi wazazi mlio na lugha mbili au tatu nyumbani, msiogope kuwapa watoto zote. Kichwa cha mtoto si kibuyu. Nanyi wanafunzi, mwendapo likizo kwa bibi na babu, waulizeni jina la kila kitu kilichomo nyumbani, mrudie mpaka waridhike. Mkikosea watawasahihisha, nanyi mshukuru.